Mgeni, Mwenyeji na Popo: Je, Kubeba ni Kukosa?

Mwezi Oktoba 2013, katika zizi moja la ngamia nchini Qatar, walipatikana watu wawili wenye maambukizi: mwenye zizi na mfanyakazi wake. Wataalamu wa afya wa Qatar, wakishirikiana na wenzao wa Uholanzi, wakachukua sampuli puani mwa ngamia wote 14 waliokuwamo zizini. Watatu kati yao walithibitika kuwa na kirusi kile kile kilichowapata binadamu, yaani kirusi cha korona ambacho mwaka huo kilikuwa kimekwisha kupewa jina la MERS. Ngamia wote 14 walikuwa na kingamwili, dalili kwamba kirusi hicho hakikuwa kigeni kwao. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2014, watafiti walikiri jambo moja kwa uwazi: hawakuweza kusema kama ngamia ndio waliowaambukiza watu, au watu ndio waliowaambukiza ngamia, au wote walikipata kirusi hicho kutoka chanzo cha tatu.

Ukiri huo wa kitaalamu una uzito wa kimaadili. Maradhi yanapozuka, akili ya binadamu hutafuta mwanzo, na ikishaupata huutwika hatia bila kutambua kwamba imevuka mpaka. “Yametoka wapi?” ni swali la sayansi. “Nani katuletea?” ni swali la mahakama. Maswali hayo mawili hukaa karibu mno katika ulimi, na ndiyo maana huchanganywa hata na watu wenye busara. Swali la makala haya linatokana na mchanganyiko huo: abebaye madhara pasipo kuyakusudia wala kuyajua, je, ni mkosa? Na kama si yeye, dhima inamwangukia nani?

Kiswahili kinalo neno linalofaa kuanzia. Kiumbe ambaye kirusi huishi ndani yake huitwa mwenyeji. Neno hilo ni la mji kabla ya kuwa la maabara: mwenyeji ni mwenye mji, aliyetangulia kufika, ajuaye kisima kilipo na mlango upi hufunguliwa kwa mgeni. Wahenga wakasema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Wakasema pia, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali ya kwanza humwona mgeni kuwa baraka. Ya pili humwona kuwa mkono wa kazi. Doha ni mji unaoishi kati ya methali hizo mbili. Zaidi ya asilimia 80 ya wakazi wa Qatar si raia wake, na miongoni mwao wamo Wakenya, Waganda, Watanzania, Wasudani na Wahabeshi ambao jembe lao ni ulinzi wa usiku, usafi wa ofisi, udereva, uyaya na uchungaji wa ngamia. Katika mji kama huo, swali la nani mgeni na nani mwenyeji halina jibu jepesi, iwe kwa watu au kwa virusi.

Asili ya kirusi chenyewe inaunganisha Ghuba na Afrika Mashariki. MERS ilitambuliwa mwaka 2012 kutoka kwa mgonjwa wa Jeddah, na Septemba mwaka huo huo mgonjwa aliyesafirishwa kwa ndege kutoka Doha hadi London akakutwa nayo. Wachunguzi walipofungua akiba za seramu za ngamia zilizohifadhiwa kwa miaka mingi, walikuta kingamwili katika sampuli za Somalia na Sudan za mwaka 1983 na 1984, na katika sampuli za Kenya zilizokusanywa tangu 1992. Ngamia wa Pembe ya Afrika wamesafirishwa kwa meli kwenda Arabuni kwa vizazi vingi, kupitia bandari kama Berbera na Djibouti. Kwa hiyo kirusi kilichostusha Ghuba mwaka 2012 kilikuwa kimekwisha kupita kimyakimya katika malisho ya Afrika kwa miongo kadhaa, bila jina na bila mshtakiwa.

Nyuma ya ngamia akaonekana popo. Ndugu wa kirusi cha MERS wamepatikana katika popo wadogo wa Afrika Kusini na wa Uganda. Yule wa Uganda, ambaye maelezo yake yalichapishwa mwaka 2017, amefanana na MERS katika sehemu kubwa ya jenomu yake, lakini protini anayoitumia kuingilia seli ilishindwa kufungua mlango ambao MERS huufungua katika seli za binadamu. Ni jamaa aliye na sura ya ukoo ila hana ufunguo wa nyumba. Hata hivyo, katika mazungumzo ya watu tofauti hiyo hufutika upesi. Mfanyakazi alipata kwa ngamia, ngamia alipata kwa popo, basi popo ndiye chanzo cha balaa. Mnyororo wa lawama hukatikia kwa yule asiyeweza kujibu.

Popo amezoea hukumu za namna hiyo. Katika ngano isimuliwayo kwa sura nyingi, ndege na wanyama walipopigana vita, popo alikataliwa na pande zote mbili, kwani ana mbawa kama hawa na meno kama wale. Adhabu yake ikawa kuishi usiku. Sayansi ya miaka ya karibuni imeonesha kwamba hali hiyo ya kuwa katikati, mnyama arukaye, ndiyo inayotoa mwanga juu ya namna anavyoishi na virusi.

Popo ndio mamalia pekee wanaoruka kwa nguvu za mbawa zao wenyewe. Aina zao zimepita 1,400, takriban moja ya tano ya aina zote za mamalia. Kuruka kuna gharama kubwa: moyo hukimbia, nishati huteketea, joto la mwili hupanda, na seli huumia kiasi kwamba vipande vya DNA huweza kuvuja kutoka katika kiini. Katika mamalia wengine, DNA inayoonekana nje ya kiini huchukuliwa kuwa alama ya uvamizi; seli hupiga mbiu, na mwili huwasha moto wa kujikinga, yaani joto, uvimbe na mafuriko ya kemikali za vita. Popo angeitikia mbiu hiyo kila aondokapo kwenda kutafuta chakula, angejiunguza mwenyewe kila usiku.

Kwa hiyo, katika safari ndefu ya mageuko, mwili wa popo umejifunza kupunguza moto. Mwaka 2018 watafiti walieleza kwamba protini iitwayo STING, ambayo ni mmoja wa wapiga mbiu hao, imebadilika kwa popo katika nukta moja ambayo kwa mamalia wengine haikubadilika, na kwa sababu hiyo sauti yake imefifia bila kuzimika. Familia nzima ya jeni za kuhisi DNA iliyo nje ya mahali pake imetoweka katika popo waliochunguzwa. Mwaka 2019 ikaonekana kwamba kiungo kingine cha kuwasha uvimbe, NLRP3, nacho kimedhibitiwa. Wakati huo huo, ulinzi wa mwanzo haukulala. Katika popo mweusi wa matunda wa Australia imegunduliwa kwamba interferoni, protini zinazoziamsha seli zijihami dhidi ya virusi, hutengenezwa hata pasipo maambukizi yoyote. Si kila aina ya popo hutumia njia hiyo hiyo, lakini mwelekeo hufanana: mlinzi yu macho mlangoni, na hasira ya nyumba ina mipaka.

Pengine uhimilivu huo ndio unaochangia umri wao mrefu. Popo mmoja wa Siberia, mwenye uzito wa gramu chache tu, alinaswa akiwa hai miaka 41 baada ya kuvishwa pete ya utambulisho. Kwa upande mwingine, wagonjwa wengi waliozidiwa na MERS au UVIKO waliumizwa kwa sehemu kubwa na moto wa miili yao wenyewe, uliowashwa kwa nia ya kuwaokoa. Lugha ya tiba imezoea kuieleza kinga kama jeshi: adui, mapambano, ushindi. Mwili wa popo unaonesha kwamba kinga inaweza pia kuwa adabu ya ukaribishaji, yaani kujua ni mgeni yupi azuiwe, yupi avumiliwe, na hasira iishie wapi ili nyumba isibomoke.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kumfanya popo mtakatifu. Kichaa cha mbwa na jamaa za kirusi chake huua popo. Ukungu wa pua nyeupe, ulioonekana kwanza katika jimbo la New York mwaka 2006, umeteketeza mamilioni ya popo wa Amerika Kaskazini. Amani yao ni ya ujirani mrefu na virusi fulani, na haienei kwa kila mgeni. Tena amani hiyo ina gharama kwa wengine. Utafiti wa mwaka 2020, uliounganisha majaribio ya seli na hesabu, ulionesha kwamba chini ya ulinzi mkali wa interferoni virusi vinaweza kuelekea kusambaa kwa kasi kati ya seli. Kirusi kilicholelewa hivyo kikimfikia kiumbe asiye na ulinzi huo, madhara huwa makubwa. Kinga ya mmoja yaweza kuwa chuo cha hatari ya mwingine. Kutokuwa na hatia si sawa na kutokuwa na madhara, na anayemtetea mbebaji hana budi kulikubali jambo hilo tangu mwanzo.

Mzani wa popo haumo katika mwili mmoja peke yake. Umo pia katika jamii yao. Uganda inatoa mfano ulio wazi. Katika pango liitwalo Python Cave, kwenye eneo la Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, huishi makumi ya maelfu ya popo wa matunda wa Misri, wenyeji wa kirusi cha Marburg. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba kwa wakati wowote ni takriban asilimia 2.5 tu ya popo hao waliokuwa na maambukizi hai. Lakini mara mbili kwa mwaka, watoto wanapofikia umri wa kama miezi sita na kinga waliyorithi kwa mama zao imekwisha kufifia, maambukizi kati yao hupanda na kuzidi asilimia 12. Wakubwa wengi wamekwisha kupona na wana kingamwili. Ni hao wanaokizuia kirusi kisienee ovyo. Watafiti walipolinganisha tarehe, waliona kwamba maambukizi ya binadamu yaliyojulikana kutoka kwa popo yalitokea kwa zaidi ya asilimia 80 katika misimu hiyo miwili.

Mkasa wa Kitaka nao ni wa kutafakariwa. Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi huo, ulioko magharibi mwa Uganda, waliugua Marburg. Mgodi ulikuwa makao ya popo wanaokadiriwa kuzidi laki moja. Uamuzi ukawa kuwaangamiza: popo wakauawa na matundu yakazibwa. Baadaye popo wengine walihamia humo, wakiwa sehemu ndogo sana ya idadi ya awali. Mwaka 2012 Marburg ikazuka tena upande wa Ibanda, na popo wapya walipopimwa, waliokuwa na maambukizi walifikia asilimia 13.3, ilhali kabla ya maangamizi walikuwa asilimia 5.1. Jamii yenye wazee waliokwisha kupona ilikuwa imeondolewa, na nafasi yake ikajazwa na wageni. Hukumu ya kifo kwa mbebaji iliongeza kile kile ilichokusudia kukiondoa.

Kitaka inasahihisha mantiki, mbali na mbinu. Waliodhani kwamba hatari imo ndani ya popo, kama sumu ndani ya chupa, waliamini kwamba kuvunja chupa ni kumaliza sumu. Lakini hatari ilikuwa katika uhusiano: popo wangapi, wa umri gani, wamesumbuliwa kiasi gani, na binadamu gani ameingia pangoni kwa njaa gani. Australia imefundisha somo hilo hilo. Kirusi cha Hendra, kilichotambuliwa mwaka 1994, huwapata farasi kutoka kwa popo, na kutoka kwa farasi huwapata watu. Uchambuzi wa miaka 25, uliochapishwa mwaka 2022, ulionesha kwamba misitu yenye maua ya majira ya baridi ilipokatwa na chakula kikapungua, popo walihamia karibu na mashamba, na hatari ikazidi. Misitu iliyosalia ilipochanua kwa wingi, walirejea huko, na maambukizi kwa farasi hayakutokea. Kirusi kilikuwa kile kile na popo walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni nani aliyewanyima chakula na kuwasukuma wapi.

Hapo ndipo Doha inaporudi katika hoja. Mwezi Machi 2020, maambukizi ya UVIKO yalipoongezeka, mamlaka za Qatar zilifunga sehemu ya Eneo la Viwanda, kuanzia Mtaa wa 1 hadi Mtaa wa 32. Ni eneo la karakana, maghala na mabweni ya vibarua, wengi wao kutoka Asia ya Kusini na wengine kutoka Afrika. Kirusi kilikuwa kimekuta vyumba vya vitanda vya ghorofa, jiko moja kwa watu wengi, na basi moja la kwenda kazini. Katika miji yenye mpangilio wa namna hiyo, maneno “wao wanao” hutamkwa haraka kuliko maneno “sisi tumewapanga hivyo”.

Mlinganisho huu una hatari yake, na ni lazima itajwe. Kuwataja wafanyakazi wahamiaji katika ukurasa mmoja na popo ni kugusa kidonda, kwa sababu wenye chuki wamezoea kuwalinganisha wageni na wanyama wachafu. Kinacholinganishwa hapa, hata hivyo, ni hukumu mbili zilizotolewa na hakimu mmoja. Popo hana dhamiri ya kujeruhiwa kwa kusingiziwa. Mfanyakazi anayo, na ana mama huko Kakamega au Kasese anayesikia habari hizo redioni. Kwa hiyo kosa lililo la kimantiki kwa popo huwa dhuluma kwa mtu.

Mpinzani atasema: kirusi hakijali maadili, karantini huokoa roho, na kuitenga mitaa yenye maambukizi ni wajibu wa serikali yoyote. Hoja hiyo ina nguvu na haifai kupuuzwa. Kumtenga mbebaji kunaweza kuwa halali hata kama hana hatia yoyote. Lakini kutokana na uhalali huo huo huzaliwa deni. Anayetengwa kwa sababu ya kosa lake anaadhibiwa. Anayetengwa bila kosa anatoa mchango kwa usalama wa wengine, na mchango hudai malipo: mshahara usiokatwa, chakula, tiba, habari za kweli kwa lugha anayoielewa, na chumba ambacho hakitamrudisha katika hatari ile ile. Mtu akitengwa kama mchangiaji lakini akatendewa kama mfungwa, dhuluma imo katika kulificha deni hilo.

Wala Afrika Mashariki haina mkono safi wa kunyooshea Ghuba kidole. Mwaka huo huo wa 2020, madereva wa malori waliokwama Malaba, Busia na Namanga walitazamwa kama wabebaji wa kifo na watu wale wale waliosubiri unga na mafuta kutoka katika malori hayo. Anayetuunganisha na dunia ndiye wa kwanza kushukiwa dunia inapougua. Baharia, mchuuzi, hujaji na mchungaji wa ngamia wameijua hali hiyo kabla ya dereva wa lori.

Yapo matokeo mengine kutoka Qatar ambayo hayajulikani sana nje ya duru za wataalamu. Katika miaka ya 2013 na 2014, watu 294 ambao kazi zao ziliwakutanisha na ngamia walipimwa damu. 20 kati yao walikuwa na kingamwili za MERS. Hakuna hata mmoja wa hao 20 aliyekuwa ameripoti ugonjwa mkali. Katika watu 109 wasiokuwa na mgusano na ngamia, hakupatikana hata mmoja mwenye kingamwili. Walioonekana kuwa tishio katika mnyororo wa maambukizi walikuwa ndio waliotangulia kukutana na kirusi, wakakihimili kimya, wakaendelea kukama, kulisha na kuosha. Hakuna aliyewashukuru, kwa kuwa hapakuwa na aliyejua, na huenda wao wenyewe hawakujua.

Kanuni inayotokana na haya yote inaweza kusemwa kwa maneno machache: dhima ya madhara humfuata yule aliyeupanga ukaribu na aliyekuwa na uwezo wa kuupanga upya. Popo hakupanga mgodi. Ngamia hakupanga meli. Mchungaji hakuchagua kulala kando ya zizi, na kama alichagua, alichagua kati ya hilo na ada ya shule isiyolipwa nyumbani. Wapangaji wapo, na aghalabu wana majina, ofisi na mihuri: anayetoa kibali cha kukata msitu, anayeidhinisha bweni la watu 12 katika chumba kimoja, anayenunua ngamia bila kuuliza nani atamwosha pua. Kuwauliza hao ni kazi ngumu kuliko kuziba pango, na pengine ndiyo sababu mapango huzibwa.

Wahenga waliosema mgeni njoo, mwenyeji apone, hawakueleza mwenyeji anaumwa nini. Ufafanuzi wa kawaida ni kwamba siku ya mgeni hata nyumba maskini hupika vizuri, na wenye nyumba hupata riziki kwa sababu yake. Lakini methali inakubali pia maana nyingine: kwamba mwenyeji ana ugonjwa asioutambua mpaka mgeni abishe hodi. Kirusi kilipobisha hodi Doha, kilionesha chumba kilivyojaa. Kilipobisha Kitaka, kilionesha watu walivyoingia chini ya ardhi bila kinga yoyote kwa ajili ya kipande cha madini. Kupona, kwa maana hiyo, kungeanza kwa kukitazama chumba kile kabla ya kumtazama aliyelala ndani yake.

Katika mazizi ya Qatar kazi huanza kabla ya jua kuwa kali. Kabla ngamia hawajatolewa, yupo anayewashika hatamu, anayewafuta mapua na kubeba ndoo za maziwa. Kama amekwisha kuambukizwa au la, hilo ni swali la maabara. Kama ana glavu, maji ya kunawa, mahali pake pa kulala na haki ya kuambiwa majibu ya damu yake mwenyewe, hilo ni swali la mwenye zizi, na la kila anywaye maziwa yale.